Pesa ya Thika, Kompyuta ya Ujerumani

Mama yangu huweka risiti zake kwenye kopo la Kimbo. Kila shilingi aliyowahi kuweka kwenye chama chetu cha akiba hapa Thika ina karatasi yake mle ndani, nyingine wino umefifia mpaka uzielekeze dirishani ndipo zisomeke. Nilikuwa nikimcheka. Nitaeleza kwa nini niliacha, lakini kwanza niwapitishe kwenye historia ambayo wengi wetu tunaibeba mfukoni bila kuijua.

Oktoba 2005, mji huu ulikuwa mmoja wa mahali pachache ambapo M-Pesa ilijaribiwa, pamoja na Mathare na katikati ya Nairobi. Wateja walikuwa mia kadhaa tu, wakopaji wa Faulu, shirika la mikopo midogo. Lengo lilikuwa walipe mikopo yao kwa simu. Watu nao, kama kawaida yao, wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa Wakenya wote, na kabla mwaka haujaisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Hayo tunayajua. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kompyuta yenyewe ilikuwa wapi. Programu ilitengenezwa na Sagentia, kampuni ya Cambridge kule Uingereza, kwa niaba ya Vodafone. Seva zilikuwa Ujerumani. Septemba 2009 kazi ya kuutunza mfumo ikahamishiwa kwa IBM. Sasa mfikirie kijana amesimama mbele ya kibanda cha wakala hapa Thika, anamtumia nyanyake wa Murang'a shilingi mia tano. Murang'a ni safari fupi kwa matatu. Lakini habari ya ile mia tano ilitoka Kenya, ikaenda Ulaya, ikahesabiwa huko, ndipo ikarudi kulia kwenye simu ya nyanya. Na mpaka katikati ya 2009 pwani yetu haikuwa na nyaya mpya za intaneti za chini ya bahari, kwa hiyo njia ilikuwa setilaiti. Hata neno lenyewe, pesa, lilitufikia kutoka Bara Hindi, kwa hivyo labda safari ndefu ni jadi yake.

Je, ulikuwa ujinga kuwapa watu wa mbali kazi hiyo? Sidhani. Kampuni ya simu ilijua kuuza muda wa maongezi, haikuwa benki wala kiwanda cha programu. Ingesubiri kuajiri na kufunza wataalamu wake, kujenga jumba la seva, kununua jenereta na majokofu ya hewa, huenda tungekuwa bado tunampa dereva wa basi bahasha ampelekee nyanya. Kukodi ujuzi kuliipa mwanzo. Na tabia hii ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Miaka ya 1950 Ford ya Uingereza ilihesabiwa mishahara ya wafanyakazi wake kwenye LEO, kompyuta ya Lyons, kampuni iliyojulikana kwa chai na keki. Mwaka 1989 Kodak ikaikabidhi IBM vituo vyake vya kompyuta, na kwa kuwa Kodak ilikuwa jitu, wakubwa wengine wakaona kumbe hata sisi tunaweza.

Lakini kurudi ndiko kugumu. Seva za M-Pesa ya Kenya zililetwa nyumbani mwaka 2015, miaka minane baada ya uzinduzi, kwenye mfumo mpya wa Huawei. Umiliki wa jina na jukwaa ulingoja mpaka 2020, Safaricom na Vodacom walipoununua kutoka Vodafone. Angalia hapo: kompyuta zimekuja kwetu, programu bado imetoka China. Sisemi ni vibaya. Nasema ukishatoa kazi nje, huirudishi jinsi unavyorudisha sufuria kwa jirani.

Waingereza walilionja hilo Aprili 2018. Benki ya TSB ilikuwa ikitumia mifumo ya Lloyds, mwenye nyumba wake wa zamani, ikaamua kuhamia mfumo uliojengwa na kampuni ya kompyuta ya mmiliki wake mpya, Sabadell ya Uhispania, ambayo nayo ilitegemea makandarasi wengine. Wateja kufika milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wa benki wakaitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, na mojawapo ya makosa ni kwamba haikumsimamia vya kutosha huyo iliyempa kazi. Kosa la fundi, faini kwa mwenye duka. Kazi inakodishwa, lawama haikodishwi.

Sasa turudi kwa kopo.

Chama chetu kilikuwa na karani mzee aliyeandika kila kitu kwenye madaftari makubwa ya jalada jeusi. Kamati ikaamua kwenda na wakati, ikampa kazi hiyo kijana mmoja mwenye ofisi Nairobi kwa malipo ya kila mwezi. Nilikuwa kwenye kamati, na mkono niliinua. Na ukweli usemwe, mwaka wa kwanza ulikuwa raha. Taarifa ya akiba uliipata siku hiyohiyo, mikopo haikungoja karani apone mafua. Karani tukamwaga kwa chai na shuka la Kimasai.

Mwaka wa pili tukagombana na kijana kuhusu ada. Akafunga mfumo. Tulipotafuta mkataba, ulikuwa karatasi moja, na hakuna mahali ulisema takwimu ni za nani, wala zitarudishwaje tukiachana. Nywila alikuwa nazo yeye peke yake. Wiki tano wanachama wakiuliza, nasi tukijibu, "Mtandao unasumbua." Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya.

Ikabidi niende kwa yule karani, shambani kwake, nikiwa na sukari kilo mbili. Hakunisimanga. Aliuliza tu, "Mlihifadhi madaftari?" Yalikuwepo, lakini yaliishia siku tuliyomwaga. Mwaka mzima na zaidi ulikuwa mtupu.

Tukaujaza kwa risiti. Za mama zilikuwa kamili, shilingi kwa shilingi. Za wengine hazikuwa kamili, na kuna mama mmoja, muuza mboga, aliyeapa kwamba aliweka elfu sita ambazo hatukuziona popote. Tulimlipa elfu tatu. Mpaka leo sijui kama tulimdhulumu.

Chama bado kinakodi huduma ya kompyuta, kwa kampuni nyingine. Kila Ijumaa wanatuletea nakala, na karani, ambaye sasa macho yamechoka, hupitisha kidole kwenye majina moja baada ya jingine kabla hajatia sahihi.