Mpira wa Meza na Msimu wa Mkonge

Mpira wa meza ni mchezo uliostawishwa na kambi za jeshi. Hauhitaji uwanja wala jua. Chumba kimoja, meza, wavu na vibao viwili vyatosha. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vijana wa Kiingereza walirudi makwao na mchezo huo mikononi. Mmoja wao, Johnny Leach, aliyekuwa katika jeshi la anga, akawa bingwa wa dunia mwaka 1949 na tena 1951. Lakini bingwa haoti peke yake. Nyuma yake zilikuwapo ligi za mitaa, timu za viwanda, za ofisi na za makanisa, zikikutana jioni baada ya kazi majira yote ya baridi. Hakuna aliyelipwa hata senti. Alhamisi ikifika, mtu alimaliza chai yake akaenda kuchezea timu yake, na Alhamisi iliyofuata alikuwapo tena.

Sisi nasi tulikuwa na askari wetu. Watanganyika wapatao 87,000 walitumikia vita ile, wengine wakafika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Walipoanza kurejea, serikali ya kikoloni iliingiwa na wasiwasi. Mtu aliyeiona dunia na kushika bunduki atakaa vipi barazani bila la kufanya? Ndipo vikajengwa vituo vya ustawi katika miji, penye magazeti, chai, madarasa ya kusoma na michezo ya ndani. Wasiwasi ule naufahamu. Nimekuwa mkuu wa chuo, na hakuna kinachomnyima mkuu wa chuo usingizi kama Jumamosi mchana isiyokuwa na ratiba.

Sasa, ndugu msomaji, uchukue mpango huo uupandishe milimani, kutoka Kigoma hadi Kasulu, kisha uvuke Malagarasi mpaka Kibondo. Meza ingeweza kupanda kwa lori. Ligi isingeweza, maana ligi yataka jambo moja kuliko yote: mchezaji wa wiki hii awepo wiki ijayo. Na Buha ya miaka ile ilikuwa nchi ya wanaume wanaoondoka.

Sababu yake inajulikana. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, dunia ilikosa kamba, na mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu. Wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua mwaka 1944, ile iliyoitwa SILABU. Wakaja kuchota watu kwetu, ambako kodi ilidaiwa kila mwaka lakini zao la kuuza lilikuwa haba. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikawachukua vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge Tanga, na huko wakaitwa manamba. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ikapanda zaidi, na msafara ukazidi.

Kwa hiyo msimu wetu ulihesabiwa kwa kipande. Kadi ile ilikuwa na siku 30 za kazi, na siku ambayo mtu hakumaliza kazi yake haikuwekewa alama. Mwezi wa manamba uliweza kuchukua siku 40. Nani apange ratiba ya mechi kwa kalenda kama hiyo?

Waliobaki ni wazee, akina mama, na wachache wenye mishahara: karani wa boma, mganga wa zahanati, mwalimu, mwenye duka. (Heru ilitawaliwa na mwanamke miaka hiyo, Mwami Theresa Ntare, lakini sidhani kama kuna aliyewaza kumkaribisha mezani.) Karani naye akihamishwa, timu nzima imehama.

Chuoni kwetu tulitengeneza meza yetu katika miaka ya 1980, kwa mbao za mninga. Vipimo ni futi tisa kwa tano. Kipimo kigumu ni cha mdundo: kimpira kikiangushwa kutoka sentimita 30 kirudi juu kama sentimita 23. Penye maungio ya mbao kilikufa. Wanachuo walijua kila kaburi la meza ile na kumlengea mgeni hapohapo.

Baba yangu mdogo alikuja kunitembelea chuoni wakati huo. Alikuwa askari wa Keya, akarudi, akakaa nyumbani miezi michache, kisha akaenda Tanga kwa miaka mingi. Aliwatazama vijana wakihesabu hadi 21, kama ilivyokuwa kabla ya kanuni kubadilishwa mwaka 2001. Kisha akanyosha mkono, akapewa kibao. Alikishika vizuri kuliko mimi. Akarudisha mipira mitano au sita, ya chini kabisa, bila kukosa.

"Baba, ulijifunza wapi?"

"Kambini, mwanangu. Usiku tulikuwa tunacheza."

"Na uliporudi Kasulu?"

"Nicheze na nani? Niliokuwa nao jeshini walikwisha panda treni."

Aliweka kibao juu ya meza, akauliza basi la Kasulu huondoka saa ngapi.