Bomba la Maji na Komeo la Mlango: Bunduki za Mau Mau

Wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya walipoingia msituni mwaka 1952, wengi wao walikuwa na mapanga na mikuki tu. Bunduki walizojiundia kwa vipuri vya kuokoteza ziliwasaidia kutafuta bunduki za kweli, lakini mbele ya sheria ya kikoloni silaha hizo zilitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi.

Katika makusanyo ya makumbusho ya kijeshi mjini London, miongoni mwa silaha za madola makubwa, zimo bunduki ambazo hazikutoka katika kiwanda chochote. Mtutu ni kipande cha bomba la maji, kitako ni mti uliochongwa kwa mkono, na mahali ambapo fundi wa kiwandani angeweka chuma kilichopimwa kwa uangalifu, hapa limewekwa komeo la mlango, linalovutwa kwa springi au kwa ukanda wa mpira wa ndani wa gurudumu. Mwenye kuziangalia kwa mbali huona umbo analolifahamu, yaani bunduki ya askari wa Uingereza, Lee-Enfield. Akisogea karibu, ndipo anapotambua ni kitu gani.

Umbo hilo, msikilizaji, halikuigwa kwa kubahatisha. Baadhi ya waliokwenda msituni walikuwa wameibeba bunduki hiyo mabegani kwa miaka kadhaa. Vijana wengi wa Kenya walitumikia jeshi la King's African Rifles, Keya kama lilivyoitwa na wengi, katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1944 walipigana na Wajapani huko Burma. Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, kamanda wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Watu kama yeye walijua bunduki inavyofunguliwa, inavyosafishwa na inavyofungwa tena. Waliporudi nyumbani, walikuta ardhi ni ya walowezi, na bunduki pia ni ya walowezi: Mwafrika wa kawaida hakupewa kibali cha kuimiliki.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, elimu hiyo ya jeshini ilikutana na elimu nyingine ya zamani zaidi. Wakikuyu walikuwa na wahunzi wao tangu kabla ya ukoloni, waliofua mikuki na simi, na ambao laana yao iliogopwa. Kwao kufua chuma halikuwa jambo geni. Lililokosekana lilikuwa chuma chenyewe cha kufaa, na zaidi ya hapo, risasi. Mtu anaweza kuchonga kitako kwa siku moja, lakini risasi haichongwi. Kila risasi ilipaswa kuibwa, kununuliwa kwa siri au kuchukuliwa kwa askari aliyekufa, na wanawake wengi wa Nairobi na vijijini walihatarisha maisha yao kuzisafirisha hadi msituni.

Isidhaniwe kwamba bunduki hizo zilikuwa hodari. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko wa baruti, na mara nyingine lilipasuka mikononi mwa mpigaji. Shabaha yake ilikuwa ya karibu sana. Zinatofautiana kabisa na zile za Darra Adam Khel, karibu na Peshawar nchini Pakistan, ambako mafundi wamekuwa wakinakili bunduki za Waingereza tangu karne ya 19. Huko kuna karakana, kuna soko na kuna mafundi wanaorithishana kazi baba kwa mwana. Fundi wa Nyandarua alifanya kazi chini ya mti, huku akisikiliza ndege za mabomu.

Kwa nini basi zilitengenezwa? Jibu moja linapatikana Naivasha. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kikosi cha Mau Mau chenye bunduki chache kilivamia kituo cha polisi mjini humo, kikawafungua mahabusu 173 na kuondoka na bunduki 47, zikiwamo 18 za rashasha. Bunduki duni ilikuwa ya kumwezesha mtu kuipata iliyo bora. Jibu la pili ni la moyo zaidi: mwenye panga aliitwa jambazi, lakini aliyeshika kitu chenye umbo la bunduki alijiona, na alionwa na wenzake, kuwa ni askari wa jeshi.

Serikali nayo ilimwona hivyo, kwa namna yake. Kanuni za hali ya hatari zilifanya kupatikana na silaha au risasi bila kibali kuwa kosa la kunyongwa, na hazikuuliza kama silaha hiyo ingeweza kumdhuru mtu. Jenerali China alipokamatwa Januari 1954, mashtaka yake yalitaja risasi mbili. Alihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa. Zaidi ya watu 1,000 hawakupata bahati hiyo, na wengi wao hawakunyongwa kwa kosa la mauaji. Kwa kipimo chochote cha haki, hilo ni gumu kulitetea.

Njia za silaha zilizibwa tarehe 24 Aprili 1954, wakati majeshi ya Uingereza yalipoizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuwaweka kizuizini watu zaidi ya 20,000. Baada ya hapo risasi zilizofika msituni zilipungua mno, na mabomba ya maji yalibaki mabomba.

Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa mjini Nyeri kwa kupatikana na bastola moja na risasi sita, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake iliyosimamishwa katikati ya Nairobi mwaka 2007 imeshika bunduki. Miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 2003, ndipo serikali ya Kenya huru ilipoiondoa marufuku ya kikoloni iliyolifanya jina la Mau Mau lenyewe kuwa kosa.