Kata, pinda au geuka? Lugha ya maelekezo ya baiskeli katika programu za ramani

Maelekezo ya njia ni matini fupi mno, yenye vitenzi vya kuamuru, vipimo na majina ya mahali, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa mepesi kutafsiri. Google Maps ilianza kutoa maelekezo ya baiskeli nchini Marekani mwaka 2010, na Apple Maps ikafuata mwaka 2020. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili hukabidhiwa msamiati uliokwisha kukomaa katika Kiingereza. Mwendesha baiskeli naye, tofauti na dereva wa gari, hana nafasi ya kutazama simu. Husikiliza sauti huku upepo ukimvuma masikioni na lori likimpita ubavuni. Sentensi inayomtatiza kwa sekunde mbili yaweza kumweka mahali pabaya barabarani.

Ugumu wa kwanza umo katika kitenzi. “Geuka” kwa asili hueleza kubadili uelekeo wa mwili, hata pasipo kusogea. Ndiyo maana askari wa gwaride huamriwa “nyuma geuka” na kubaki palepale. Wapo wasemaji wengi wanaosema “geuka kulia” wakimaanisha kuingia njia nyingine, nao hawakosei, lakini neno hilo hubeba pia wazo la kurudi ulikotoka. “Pinda” ni sahihi na la heshima, ila barabara yenyewe nayo hupinda: anayeambiwa “pinda kushoto” kwenye kona ya kawaida hawezi kujua kama afuate barabara au aiache. “Kata” halina utata huo. Anayekata huacha njia aliyokuwamo. Kwa maoni yangu, “kata kulia” na “kata kushoto” ndiyo yafaayo zaidi kwenye makutano, na dhana ya kwamba ni maneno ya mitaani tu haina msingi. Pale njia inapogawanyika bila kona kali, Kiswahili kina “shika”: “shika njia ya kulia”.

Kosa linalosikika sana ni “katika mita 200, kata kulia”. Huu ni muundo wa Kiingereza uliovalishwa maneno ya Kiswahili. “Katika mita 200” humaanisha ndani ya umbali huo, popote. Msikilizaji mtiifu angeweza kuingia kichochoro cha kwanza akionacho. Kiswahili husema “baada ya mita 200”, au “ukifika mita 200 mbele”. Mpangilio nao una uzito. “Kata kulia baada ya mita 200” ni sentensi sanifu kwenye maandishi, lakini masikioni amri hutangulia umbali, na mkono huweza kuanza kuzungusha usukani kabla sentensi haijakwisha. Katika maelekezo ya sauti umbali na utangulie.

“Kulia” lenyewe lataka uangalifu. Limetokana na “mkono wa kulia”, yaani mkono wa kulia chakula, kutoka “kula” katika kauli ya kutendea. Wazee husema pia “mkono wa kuume”. Kwa kuwa lipo pia “kulia” la machozi, agizo kama “kaa kulia” husikika kama mzaha. Andika “shika upande wa kulia”. Zingatia vilevile nchi ya msomaji. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda vyombo hupita kushoto, hivyo kukata kulia ni kuvuka mkondo wa magari yajayo. Anayevuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda huhamia upande wa pili, na hatari huhamia kwenye kukata kushoto. Onyo kama “subiri magari yapite” haliwezi kubandikwa kwenye neno moja kwa nchi zote.

Makutano ya mviringo huitwa “mzunguko”. Tanzania lipo pia “kipilefti”, lililotokana na kibao cha Kiingereza cha kuamuru kushika kushoto. “Ki-” yake ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata wingi “vipilefti”. Neno hilo linaeleweka na halina sababu ya kukataliwa. Jambo la kuchunga ni jingine: neno moja la Kiingereza hutaja baiskeli na pia duru ya matukio, na mfasiri wa haraka, au mashine, huweza kuandika “njia ya mzunguko” pakusudiwapo “njia ya baiskeli”. Aliye kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ambako njia za baiskeli zilijengwa pamoja na barabara za mabasi ya mwendokasi, angeacha njia yake na kwenda kutafuta kipilefti.

“Njia panda” haihusiani na kupanda mlima. “Panda” hapa ni nomino, kama panda ya mti. Kwa mwinuko tumia “mlima” au “mwinuko”, na kwa kinyume chake “mteremko”. “Urambazaji” lifaa kwa vyombo vya majini na vya angani. Mpanda baiskeli atosheke na “maelekezo ya njia”.

Penye ngazi au msongamano, programu humtaka mtu ashuke. “Tembea na baiskeli yako” yaeleweka, lakini kitenzi kilichopo tayari ni “kokota”: “Shuka, kokota baiskeli mita 50.”