Walimu wa Kiingereza na Mafunzo ya Mtandao

Katika kumbukumbu hizi hatukupenda kuiacha habari ya walimu wa Kiingereza, maana kazi yao imegeuka sana mbele ya macho yetu. Sisi tulijifunza lugha ile kwa kitabu kimoja mikononi mwa watoto watano, na sauti ya Mwingereza hatukuisikia ila redioni. Leo mwanachuo wa ualimu huchukua katika simu yake maandiko mengi kuliko maktaba zote tulizopata kuingia.

Tim Berners-Lee alibuni mtandao wa kurasa mwaka 1989 katika CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu aweza kuutumia bila malipo. Walakini kupata ni mbali, na kujua kutumia ni mbali.

Huko Marekani, katika chuo kikuu cha San Diego State, Bernie Dodge alikuwa akiwafunza watu waliotaka kuwa walimu. Mwaka 1995 alitaka wajue programu moja ya kufundishia, naye hakuwa nayo. Basi akakusanya mapema taarifa zake, kurasa za mtandao, na watu walioijua wa kusema nao kwa mbali. Akawagawa wanafunzi makundi makundi, akawapa muda wa saa mbili hivi, waamue kama yafaa katika shule watakazokwenda. Yeye mwenyewe hakunena sana, alisikiliza wakijadiliana. Ndipo yeye na Tom March wakatengeneza somo liitwalo WebQuest: mwanafunzi hupewa kazi, pamoja na kurasa zilizokwisha kuchaguliwa na mwalimu, ili wakati wake uishe katika kufikiri, wala si katika kutafuta.

Kwa mwalimu wa lugha jambo hilo ni kubwa. Mtoto asomaye nauli za treni ili achague safari, kisha amweleze mwenzake sababu zake, hutumia Kiingereza kama watu watumiavyo lugha yao sokoni.

Kwetu mtandao ulikuwa mzito na ghali, hata mkongo wa SEACOM ulipofika pwani kwa njia ya bahari Julai 2009. Tulikijua chuo kimoja kilichopata kompyuta: wanachuo walifundishwa kuziwasha, kuandika barua na kupanga majedwali. Hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuupima ukurasa, kama wamfaa mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka juzi katika shule ya msingi ya Kiswahili. Mmoja wao, katika mazoezi yake, alileta habari ya gazeti la London aliyoitoa mtandaoni. Kila mstari ulikuwa na maneno manne au matano yasiyojulikana, na kipindi kikaisha kwa kutafsiri aya moja. Sisi tuliomsimamia tulimlaumu yeye. Twakiri sasa kwamba lawama ilikuwa yetu.

Mwaka 2014 shirika la Saide la Afrika Kusini likaanzisha African Storybook, hadithi za picha zilizopangwa kwa ngazi, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimojawapo. Mwalimu ana ruhusa kuzichapa mjini na kwenda nazo shule isiyo na umeme.

Yule mwanachuo wa gazeti sasa hufunza wenzake. Kila mmoja sharti amletee ukurasa mmoja aliousoma mara mbili, maneno magumu yameandikwa pembeni, na kazi moja watakayoifanya watoto. Asiyeuleta haendi mazoezini.