Njia ya Watongwe kwenda Nkungwe

Kilele kirefu cha milima ya Mahale, Tanzania, ni Nkungwe, mita 2,462, mlima mtakatifu wa Watongwe. Walikipanda kwa miguu kwenda kutambikia mizimu ya mlima.

Makazi yao yalikuwa katika msitu wa milima hiyo hiyo: nyumba chache chache, mashamba ya mihogo na mahindi, milimau na miembe uani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, mpango wa serikali wa kukusanya watu vijijini, iliwahamisha. Mwaka 1985 Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa, wala hawakurudi kuishi. Msitu ukameza mashamba, na sokwe mtu wakajifunza kula malimau na maembe yaliyoachwa.

Wageni husema msitu huu haujaguswa. Umeguswa sana, na wenyewe, Watongwe, wapo.

Kupanda kileleni ni kwa kuongozana na askari wa hifadhi.