Renault, Picasso na jogoo wangu wa chuma

Nimepotea wiki kadhaa. Jumamosi zangu zote ziko kwa fundi mmoja wa jua kali anayenifundisha kuweldi kwa gesi. Grili ya dirisha sasa naiweza. Tatizo ni jogoo ninayemuunda kwa vyuma chakavu: nikiunga bati la mkia na chuma kinene cha mguu, bati linatoboka kabla chuma hakijashika moto. Fundi ananiambia moto niuelekeze kwa kile kinene, chembamba nikipitie juujuu tu.

Nikataka kujua nani aliutoa ujuzi huu karakana akaupeleka kwenye sanaa. Nikakutana na mzee Julio González, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1876 katika ukoo wa mafundi wa chuma. Alihamia Paris akitaka kuwa mchoraji, lakini hakuvuma. Mwaka 1918, tayari mtu mzima, aliingia kiwanda cha Renault kule Boulogne-Billancourt akajifunza kuunga chuma kwa oksijeni na asetilini, moto unaopita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Kazi ya kiwanda tu.

Miaka 10 ikapita. Mwaka 1928 Picasso, rafiki yake wa zamani, alikuwa akibuni mnara wa kumkumbuka mshairi Guillaume Apollinaire. Mawazo alikuwa nayo, kuunga chuma hakujua. Akamwendea González. Kamati iliukataa ule mnara, lakini wawili hao waliendelea hadi 1932. Hata vichujio vya jikoni viligeuzwa kichwa cha mwanamke! Sifa nyingi zilimwendea Picasso, bila shaka. Wanaowaandikia wateja programu watanielewa.

Picha za kazi hizo zilitoka katika jarida la Cahiers d'Art, zikamfikia Mmarekani David Smith, ambaye mwaka 1925 alikuwa kibarua katika kiwanda cha magari cha Studebaker. Chuma alikijua, kwamba chaweza kuwa sanaa, picha ndizo zilimwonyesha. Mwaka 1933 akaunda vichwa vyake vya kwanza vya kuweldi. Ni kama sisi tulivyojifunza HTML kwa kuchungulia kurasa za wenyewe.

González naye alitengeneza La Montserrat, mama mkulima aliyebeba mtoto, akasimamishwa kwenye maonyesho ya Paris ya 1937. Vita vikaja, gesi ikaadimika, akarudia plasta na michoro. Alifariki 1942.

Mtungi wa fundi wangu bado una gesi. Mkia wa jogoo una matundu mawili.