Nsyuka: Nani Hupewa Sura ya Shetani?

Mwaka 2003 mwongozaji wa filamu Mussa Banzi alitoa filamu ya kutisha aliyoiita Nsyuka. Mwaka 2005 akafuata na Shumileta. Ulikuwa wakati wa kanda za video, na katika miji ya barabara kuu ya Zambia, Tunduma ikiwa miongoni mwake, vibanda vya kuoneshea picha vilijaa vijana kila jioni. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, nsyuka lilikuwa jina geni la zimwi, na ugeni wake ndio uliolifanya litishe. Kwa mtu aliyelelewa Rungwe, Kyela au Ileje, lilikuwa neno la nyumbani.

Katika Kinyakyusa, kusyuka ni kufufuka. Mkristo wa huko anapotangaza siku ya Pasaka kwamba Kristo amefufuka, hukitumia kitenzi hichohicho. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya abasyuka, yaani wazee wa ukoo waliotangulia, ambao walihesabiwa kuwa bado ni sehemu ya familia. Walijulishwa habari za ndoa, kuzaliwa na msiba. Waliweza kukasirika, kama mzazi anavyokasirika, na wakatulizwa. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti alipopinga desturi ya kuziita imani kama hizi «ibada ya mizimu», alisisitiza kwamba watu hawa walichukuliwa kuwa hai ingawa wamekufa.

Basi imekuwaje mzee wa ukoo akageuka kuwa kiumbe cha kutisha katika kanda ya video? Hoja yangu ni kwamba sura ya shetani katika hadithi za burudani ina historia, na historia hiyo ni ya madaraka. Kila zama humpa sura hiyo mtu au kitu ambacho kwa wakati huo hakina wa kukitetea. Nyanda za juu kusini, na hasa ukanda wa mpakani ambao tangu 2016 tunauita Mkoa wa Songwe, zinatupatia hatua tatu za historia hiyo.

Hatua ya kwanza ni ya tafsiri. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia katika nchi ya Wanyakyusa, na kituo cha Rungwe kikaanzishwa. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, Wamoravian walikuwa wamefika Mbozi na Isoko, ambayo leo iko Ileje. Upande wa pili wa mpaka, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa Mwenzo, katika nchi ya Wanyamwanga, karibu na mahali ambapo leo Tunduma inatazamana na Nakonde. Wote walikuwa na kazi moja ngumu: kumpata Mungu katika lugha za wenyeji.

Kwa Wanyamwanga alichukuliwa Leza. Kwa Wanyakyusa alichukuliwa Kyala, jina ambalo, kwa mujibu wa Wilson, hapo kabla lilikuwa la shujaa wa kale aliyetambikiwa kwenye pango kando ya Ziwa Nyasa. Leo Kyala ni Mungu Mwenyezi katika Biblia ya Kinyakyusa. Lakini si majina yote yaliyobahatika. Mbasi, ambaye sauti yake ilidai ng’ombe na kutoa amri kwa watu, aligombana na wamisionari wa mwanzo, nao wakamwona kuwa ndiye shetani mwenyewe. Majina mawili ya nchi moja yalipita mlango mmoja wa tafsiri. Moja likapandishwa mbinguni, jingine likatupwa motoni. Abasyuka nao wakabaki nje ya kanisa, na matambiko yao yakahesabiwa kuwa mambo ya giza.

Tusiwaonee wamisionari. Walijifunza lugha zetu kwa bidii ambayo wasomi wengi wa leo hawana, na kazi hiyo waliifanya pamoja na wainjilisti na wazee wa huku, ambao nao walikuwa na uamuzi wao. Wala jambo hili halikuanzia kwetu. Kwa Wagiriki wa kale daimon alikuwa roho, mwema au mbaya. Ukristo ulipotawala, neno hilo likawa jina la pepo mchafu tu. Baal-zebubu alikuwa mungu wa mji wa Ekroni. Katika Injili amekuwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Mungu wa aliyeshindwa huwa zimwi katika hadithi ya mshindi.

Kama historia ingeishia hapo, tungesema kwamba alama za dini hutoka juu kwenda chini tu. Hatua ya pili inatuonesha kinyume chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika mpaka huu kama moto wa kiangazi. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, vyakula vikachukuliwa, na wengi hawakurudi. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Katika siku hizohizo, miongoni mwa Wanyamwanga na Wamambwe, Hanoc Sindano na wenzake waliofukuzwa Rhodesia ya Kusini walikuwa wakihubiri mafundisho ya Watchtower.

Walikuwa na kitabu kilekile ambacho wamisionari waliwaletea, lakini walikisoma kuanzia mwisho wake. Kitabu cha Ufunuo kina mnyama anayetawala mataifa, kina Babeli unaoanguka, kina wafanyabiashara wanaolia kwa hasara. Mafundisho ya Watchtower kutoka Marekani yalikwisha kusema kwamba serikali na makanisa ya dunia ni sehemu ya utawala wa Shetani. Mtu aliyebebeshwa mizigo ya vita kwa miaka minne hakuhitaji mfafanuzi. Waumini walikataa kuwatii machifu, wakakataa amri za boma, wakayaacha makanisa ya misheni. Mwaka 1919 zaidi ya watu mia moja walikamatwa na kufikishwa mahakamani. Mkondo huo hata hivyo haukukauka, na ulivuka mpaka kuingia Tanganyika.

Unaweza kuyakataa mafundisho yao, lakini tazama mwelekeo wa kidole. Aliyeitwa mnyama wa Ufunuo alikuwa na bunduki, magereza na daftari la kodi. Alama iliyotumika kumshusha mzee wa ukoo sasa ilitumika kumhukumu mtawala.

Hatua ya tatu ndiyo yetu. Baada ya 1985 biashara ililegezwa, na katikati ya miaka ya 1990 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Tunduma, iliyokwisha kupata barabara na reli ya TAZARA katika miaka ya 1970, ikawa mji wa fedha za haraka: malori, wabadilishaji fedha, nguo za mitumba, mahindi yanayovuka kwa njia za panya. Wapo walioamka na nyumba ya ghorofa, na wapo waliobaki wakiwatazama. Utajiri wa ghafla hudai maelezo, na maelezo yalikuja kwa kanda.

Filamu ya Nigeria Living in Bondage ya mwaka 1992 ilionesha mtu anayemtoa mkewe kafara ili apate mali, kisha akaandamwa na mzimu wake mpaka akakimbilia kanisani. Kigezo hicho kilienea Afrika nzima. Kwetu filamu za namna hiyo zilipata wasimuliaji kwa Kiswahili, mashuhuri zaidi akiwa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye hakutafsiri tu maneno bali aliongeza methali, mzaha na mafundisho. Baadaye Bongo Movie ikachukua kigezo hicho na kukijaza mambo ya nyumbani: jini wa pwani, mganga wa bara, mchungaji mwenye Biblia mkononi, na nsyuka wa nyanda za juu.

Hofu haikuwa ya kwenye kioo peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, hasa Mbozi na Tunduma, ulitikiswa na habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi, na mpaka ukatajwa kuwa njia ya biashara hiyo. Kuanzia 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitia nchi aibu mbele ya dunia. Sisemi kwamba filamu zilisababisha mauaji hayo. Anayesema hivyo hana ushahidi. Ninasema kwamba hadithi za burudani na uhalifu huo vilikunywa katika kisima kimoja: imani kwamba mali hutoka katika mwili wa mtu mwingine.

Tukumbuke pia mwaka 2012. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili, akiwa kijana na akiwa kileleni. Alikuwa ameigiza katika Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Haikuchukua muda uvumi ukaenea kwamba Kanumba alikuwa Freemason. Uigizaji ukasomwa kama ungamo. Mfanyabiashara Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wa Freemason wa Afrika Mashariki na hakulificha jambo hilo, alijikuta akieleza tena na tena kwamba chama chake hakigawi utajiri wa damu. Wachache walisadiki.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati yetu na watu wa 1919. Wao walimwita mnyama mtu mwenye nguvu juu yao. Sisi tunamwita shetani jirani aliyenunua lori, msanii aliyekufa mapema, bibi anayeishi peke yake. Yule anayeitoza Tunduma kwa haki au kwa dhuluma, anayepanga bei ya mahindi, anayefunga mpaka kwa tangazo la usiku, hapewi pembe katika hadithi yoyote. Tumeirithi lugha ya kulaani, lakini tumepoteza shabaha.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu gemu na katuni ambazo watoto wanazitazama kwenye simu: je, zile pembe, ile misalaba iliyopinduliwa, zile nyota si ibada ya shetani? Swali ni halali, na mtu asilicheke. Lakini tujue kazi hizo zilivyotengenezwa. Katuni ya Kijapani Neon Genesis Evangelion ya mwaka 1995 imejaa misalaba na malaika, na mmoja wa waongozaji wake alikiri kwamba alama hizo za Kikristo ziliwekwa kwa sababu zilionekana ngeni na za kuvutia kwa Wajapani, bila maana ya kidini. Katika gemu ya God of War, iliyotoka 2005, mchezaji hupambana na miungu ya Kigiriki, na hakuna mzee wa Athens anayelalamika, kwa kuwa hekalu la Zeus halina waumini wa kuumia.

Mjapani aliuchukua msalaba kwa kuwa ulikuwa mbali naye. Dar es Salaam ililichukua neno nsyuka kwa kuwa nyanda za juu zilikuwa mbali nayo. Kitakatifu cha mwenzako, ukikitazama kutoka mbali, huwa pambo au tishio. Wanaokasirishwa na msalaba wa katuni wajiulize kwa nini hawakuhisi lolote pale mzee wa ukoo wa Ileje alipogeuzwa zimwi.

Watasema wengine kwamba hadithi ni hadithi tu. Wengine watasema kwamba Mkristo au Mwislamu hapaswi kuwatetea wahenga. La kwanza linapingwa na uvumi wa 2012. La pili ni suala la dhamiri, na ninaliheshimu. Mtu anaweza kuacha tambiko la babu yake bila kumfanya babu yake kuwa jinamizi.

Kwa watumishi wa umma, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inampa mkaguzi uwezo wa kuzuia picha. Kuzuia hakumfundishi mtu kusoma alama. Kuna sheria nyingine iliyo karibu zaidi na maisha ya mwananchi, nayo ni Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1928, ambayo inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Mtendaji wa kata anayeijua sheria hiyo, na akaitumia siku uvumi unapoanza badala ya siku ya mazishi, amefanya kazi kubwa kuliko mkaguzi wa filamu kumi.

Kwa wanaharakati, kila hadithi ya kutisha inapovuma, ulizeni nani amepewa sura ya shetani, na nani amesahauliwa kupewa.

Kwa wanafunzi wangu, hasa wanaotoka Mbozi, Momba na Ileje: likizo hii kaeni na wazee. Waulizeni maneno ya Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali yanayomhusu marehemu, mzimu, mwenye kufufuka, na jinsi yalivyotumika kabla ya kanda za video. Yaandikeni pamoja na mifano ya matumizi, jina la kijiji na tarehe. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka, na filamu peke yake haiwezi kuachiwa kazi ya kutuambia nsyuka alikuwa nani.